Kabla hujanunua kitabu cha mpiganaji, tazama mwaka

Mwanangu mpenzi,

Tanga hatujambo, mvua imekata tangu juzi. Uliniuliza kwenye simu: "Mama, wewe uliyekaa na maktaba ya shule miaka yote ile, nitajie kitabu ambacho mpiganaji wa MMA, huu mchezo wetu wa ngumi, mateke na kukabana, kasimulia maisha yake, lakini kisiwe majigambo." Nikakujibu nitafikiri. Kusema kweli sikuwa na la kufikiri. Nilikuwa bado nimekwama kwenye neno ulilolipitisha haraka kabla ya hapo, kwamba ukitoka mazoezini kichwa kinakuuma "kidogo tu".

Unadhani mama yako hajui mambo ya kizimbani, humo wapiganaji wenu wanamofungiwa. Tangu ulipoanza kutupana na wenzako kwenye mkeka huko Mombasa, nimesoma vitabu hivi kimoja baada ya kingine kwenye kishikwambi alichoniachia dada yako. Vingi havina kitu. Mpiganaji akishavaa mkanda wa ubingwa anatafutiwa mwandishi, wanakaa pamoja siku chache, na kitabu kinawahishwa sokoni jina likiwa bado la moto. Basi kabla hujatoa hela, tazama kilitoka mwaka gani, kisha tazama mwenyewe alipigwa mwaka gani.

Mchukue Chuck Liddell, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa. Kitabu chake, Iceman, kilitoka mwanzoni mwa 2008. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Rashad Evans akamlaza kwa ngumi moja. 2009 akapigwa na Shogun Rua, 2010 na Rich Franklin. Hayo matatu ndiyo ningependa anisimulie, na kitabu kilikuwa kimeshapigwa chapa.

Ronda Rousey, mwanamke wa Marekani aliyetoka kwenye judo akawa bingwa wa MMA, kasimulia mara mbili, ndiyo maana nakutaka umsome yeye kwanza. My Fight / Your Fight kilitoka Mei 2015, akiwa hajawahi kushindwa kizimbani. Novemba, huko Melbourne, Holly Holm akamwangusha kwa teke la kichwa. Kwa kanuni yangu kitabu hicho cha kwanza ningekitupa, lakini kinaokolewa na mwandishi mwenza: ni dada yake, Maria Burns Ortiz. Mwandishi wa kukodiwa huambiwa habari za nyumbani; huyu alilelewa humo. Baba yao alivunjika mgongo akiteleza na wanawe kwenye theluji, na kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa damu kutoganda, hali ikazidi kuwa mbaya hadi akajiua. Ronda alikuwa na miaka 8. Mama yao, AnnMaria De Mars, bingwa wa dunia wa judo mwaka 1984, alikuwa akimvamia binti yake kitandani asubuhi na kumkunja mkono, ili azoee kujiokoa hata akiwa na usingizi. Hapo nilicheka peke yangu. Mimi nilikuonea huruma, nilikuwa nakumwagia maji tu. Halafu kuna medali yake ya shaba ya judo, Olimpiki ya Beijing 2008, na baada ya medali, binti huyohuyo analala ndani ya gari lake.

Cha pili, Our Fight, ni cha 2024. Humo anakiri kwamba tangu enzi za judo alikuwa akipata mtikisiko wa ubongo na kuuficha, mara nyingi, hadi ikafika mahali pigo dogo likawa linamvuruga macho. Wapo mashabiki wanaosema anatafuta kisingizio cha kushindwa. Mimi sioni hivyo. Mtu anayetafuta kisingizio hasemi kwamba alidanganya ili aruhusiwe kuendelea. Hizo kurasa zisome polepole, uache na hilo "kidogo tu" lako.

Kuna kimoja kinachotugusa sisi wa Kiswahili: Fight for the Forgotten cha Justin Wren, 2015. Ni jitu la Texas lililoonewa shuleni likiwa dogo, likapigana, likazama kwenye dawa za kulevya, kisha likaacha ulingo na kwenda Ituri, Kongo, kuishi na Wambuti, watu wa msituni huko, na kuwachimbia visima. Sura za ulevi ni za kweli kabisa, hazijipaki rangi. Za msituni zisome kwa tahadhari. Mzungu anayekwenda kuokoa watu huwa anachukua ukurasa mwingi kuliko hao watu wenyewe, na huyu naye, pamoja na moyo wake mzuri na malaria yake, hakuepuka.

Ukitaka kucheka tu, Forrest Griffin, Got Fight?, 2009. Maisha yake yamo kidogo, mizaha ni mingi. Usinunue, nitakupa nakala ya dada yako.

Nilichokipenda kuliko vyote ni Breathe cha Rickson Gracie, 2021, alichokiandika pamoja na mwanahistoria Peter Maguire. Najua mtasema ni mzee wa jujitsu, ule mchezo wa kukabana chini, si wa MMA ya leo, lakini hao Gracie, ukoo wake wa Brazil, ndio walioanzisha mambo yenu. Ile hesabu ya ushindi zaidi ya 400 anayohesabiwa usiigombanie na mtu, haina maana. Nenda anapofikia mwaka 2000. Mwezi wa tano anapigana Tokyo na kushinda. Mwezi wa kumi na mbili mtoto wake wa kiume, Rockson, anafariki New York. Rickson hakupigana tena. Mtu ambaye maisha yote alifundisha watu kupumua wakiwa wamekabwa, unamkuta hapo hana mbinu. Nilikiweka chini nikaenda kupika, nikarudi nacho usiku.

Hicho ninacho cha karatasi, dada yako alikuja nacho likizo kutoka Muscat. Nimempa kondakta wa basi la Jumamosi, kimefungwa kwenye kanga ya zamani pamoja na zile embe za kukausha. Kaulizie ofisini kwao jioni, uende na kitambulisho. Na kabla ya mazoezi ya Jumatatu kamwone daktari wa hicho kichwa, umweleze kila kitu kama kilivyo, kisha unipigie.

Mama yako