Maswali ya Walimu: Nataka kufundisha shule ya kujifunza kwa vitendo, nianzie wapi?

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka Tanga mjini na wilaya za jirani, zinauliza kuhusu shule binafsi za msingi ambako watoto hawaimbi majibu kwa pamoja, bali wanapima, wanajenga na kuuliza. Mitaani watu huziita zote "Montessori", hata zisizo na uhusiano wowote na njia ya kufundisha ya daktari Mtaliano Maria Montessori. Tumechagua barua tano.

Wahariri, asalaam aleikum. Nina cheti cha Daraja A, nafundisha shule ya serikali, darasa la tatu lenye watoto 87. Nasikia shule hizi zinataka digrii tu. Nijisumbue?
*Mwalimu, Makorora*

Waaleikum salaam, mwalimu. Jisumbue. Cheti chako ni cha ualimu, na hicho ndicho cha kwanza wanachokitazama. Kujiendeleza hadi stashahada kutakusaidia, maana waajiri wengi siku hizi wanaanzia hapo, lakini usisubiri umalize ndipo uombe.

Watakachokipima zaidi ni kama unajua kumtazama mtoto. Unaweza kukiandaa hukohuko kwenye watoto 87. Chagua watatu: mmoja mwepesi, mmoja mzito, mmoja ambaye huwa unamsahau. Kwa wiki mbili, kila siku andika mistari mitatu au minne juu ya kila mmoja. Andika alichofanya, si jinsi alivyo. "Ni mvivu wa hesabu" ni hukumu. "Amehesabu vizibo vya soda kwa kugusa kimoja kimoja, akifika 19 anaruka hadi 30" ni uchunguzi, na hapo hapo unajua kesho umpe nini. Chapa kurasa mbili bila majina ya watoto, ziambatanishe na barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti na andalio moja la somo. Wanaoleta kurasa kama hizo ni wachache, ndiyo maana husomwa.

Kabla ya kuomba, nenda shuleni uombe kuangalia darasa nusu siku. Kaa nyuma, simu mfukoni, usimsaidie mtoto yeyote hata akikosea mbele ya macho yako. Mwalimu anayeshindwa kujizuia kwa saa tatu huonekana mara moja.

Na ukipata kazi, usiondoke serikalini kimyakimya. Barua yako ya kuacha kazi ipitie kwa mwalimu mkuu kwenda kwa mwajiri, na subiri jibu la maandishi. Utoro wa zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa la kufukuzisha kazi, na doa hilo litakufuata. Ulizia pia michango yako ya pensheni: ya utumishi wa umma iko mfuko wa PSSSF, ya sekta binafsi huenda mfuko wa NSSF.

Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne. Nikisoma Montessori Lushoto, nitaweza kufundisha darasa la pili au la tatu?
*Binti, Muheza*

Marahaba, binti yetu. Hapa wengi hukosea njia. Mafunzo mengi ya Montessori yanayotolewa nchini yamejengwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, yaani elimu ya awali. Ngazi ya miaka 6 hadi 12 ni mafunzo mengine kabisa, yenye vifaa vingine. Kabla ya kulipa ada muulize msajili maswali mawili na ujibiwe kwa maandishi: cheti ni cha umri gani, na je, kinatambuliwa na serikali kama cheti cha ualimu au ni cha njia ya Montessori pekee? Kama ni cha pili, utakuwa msaidizi mzuri, ila ngazi za mshahara zitakupita.

Ukiingia chuoni utajifunza somo la hatua tatu, ambalo Maria Montessori alilichukua kwa daktari Mfaransa Édouard Séguin. Kwanza unataja: "Hii ni nene. Hii ni nyembamba." Pili unaomba: "Nionyeshe nene." Tatu ndipo unauliza: "Hii ni ipi?" Wanafunzi wa ualimu huikimbilia hatua ya tatu. Mtoto akikosa pale, usimsahihishe. Rudi ya pili, au funga kazi kwa siku hiyo.

Jambo moja la vifaa, kwa sababu utaulizwa. Mnara wa waridi una michemraba 10, wa kwanza sentimita 1 kila upande, wa mwisho sentimita 10. Seremala anaweza kuutengeneza, lakini mbao iwe imekauka sawasawa. Mbao mbichi hunyauka, mchemraba wa sentimita 7 ukakaribia wa 6, na mtoto hawezi tena kuliona kosa lake kwa jicho. Kujisahihisha mwenyewe ndiyo kazi ya kifaa hicho. Kikipotea, umebaki na mnara wa kupendeza tu.

Niliitwa kufundisha somo la majaribio la dakika 30. Watoto walichangamka, walipiga makofi, walijibu kwa sauti. Nikaambiwa "tutakupigia". Mwezi wa pili huu. Nilikosea wapi?
*Mwalimu, Korogwe*

Huenda ni hayo makofi, mwalimu. Shule ya aina hii ikisikia darasa zima likiitika "ndiyooo", inajiuliza ni watoto wangapi waliofikiri. Wanaokaa nyuma na kalamu huhesabu vitu vitatu: dakika ulizozungumza wewe, maswali yenye majibu zaidi ya moja, na ulichofanya baada ya kuuliza.

Hilo la tatu ndilo huangusha wengi. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kuwa walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto huwa marefu na watoto wakimya nao husema. Sekunde 3 mbele ya wageni ni ndefu kama foleni ya kivuko. Hesabu moyoni.

Ukiitwa tena, gawa dakika zako hivi. Dakika 4 za kuweka swali, kwa mfano: "Tutajuaje urefu wa mlingoti wa bendera bila kuupanda?" Dakika 16 watoto wafanye kwa vikundi vya watatu, wakiwa watano, wawili hukaa bure. Kila kikundi kipewe kamba ya mkonge ya mita 1 na kijiti, wapime kivuli cha kijiti na cha mlingoti. Dakika 10 za mwisho vikundi viwili vieleze, hasa kile kilichopata jibu tofauti. Kata kamba nyumbani na uzipime kwa rula. Mkonge mpya ukivutwa hurefuka. Angalia na saa: adhuhuri kivuli ni kifupi mno, kosa dogo la kupima linakuwa kubwa. Asubuhi saa tatu inafaa. Kukiwa na mawingu uwe na somo la akiba.

Kwenye mahojiano wengi hukariri kwamba John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896. Wanaokuhoji wanalijua hilo. Ni afadhali uzungumzie Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, Machi 1967, na ueleze shamba la shule lingefundishaje hesabu. (Tuliligeuza shamba kuwa adhabu ya wachelewaji, halafu tukashangaa watoto kulichukia jembe.) Na lazima utaulizwa: mtoto akimpiga mwenzake, utafanya nini? Ukijibu kwa kutaja fimbo, mahojiano yameishia hapo. Ukijibu "nitawashauri", hujasema kitu pia. Eleza hatua: unawatenganisha, unamwangalia aliyeumia kwanza, unamsikiliza kila mmoja peke yake, unaandika, unamwarifu mzazi siku hiyohiyo.

Je, kwenye shule hizi maandalio ya somo hayahitajiki?
*Mwalimu, Pangani*

Yanahitajika. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wataomba azimio la kazi, andalio la somo na shajara kama kwingine, na Upimaji wa Darasa la Nne haumwulizi mtoto amesoma kwa njia gani. Tofauti ni kwamba, zaidi ya hayo yote, utakuwa na daftari la uchunguzi. Kazi inaongezeka. Asiyependa kuandika asije.

Nimepewa mkataba, niangalie nini kabla ya kusaini?
*Mwalimu, Chumbageni*

Anza na miezi. Zipo shule zinazolipa miezi 10 na kuziacha likizo za Juni na Desemba bila mshahara. Mshahara mnono wa miezi 10 unaweza kuwa mdogo kuliko wa kawaida wa 12. Zidisha ndipo ulinganishe. Kisha saa: sheria ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na vikao vya jioni vya kupanga kazi ni saa za kazi, hata vikiitwa "kukaa pamoja". Likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na sehemu yako haizidi 10. Baada ya miezi mitatu omba taarifa NSSF uone kama michango imefika, usitosheke na karatasi ya mshahara.

Muda wa majaribio uandikwe kwa tarehe, pamoja na jina la cheo cha atakayekutathmini. Na kama wamekuahidi kukulipia mafunzo, soma sharti la kubaki: ni miaka mingapi, na ukiondoka katikati unarudisha kiasi gani. Kama mkataba unasema unarudisha zote hata ukibakiza mwezi mmoja, waombe wapunguze kwa kila mwezi utakaokuwa umefanya kazi, na wauandike upya kabla hujashika kalamu.