Usiishie kwenye njia panda: kwa mnaoanza kupima mishipa ya shingo

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha altrasaundi, iwe Mulago, Mbarara, Arua au kliniki ndogo ya Kasese, jambo la kwanza mtakalofundishwa kuhusu shingo ni njia panda, yaani pale karotidi, ateri kubwa ya shingo inayopeleka damu kichwani, inapogawanyika mara mbili. Ni sawa, kwa sababu hapo ndipo mafuta hujijenga kwa wazee wenye presha na kisukari. Lakini kijana wa miaka 35 au 45 aliyepooza upande mmoja ghafla, mara nyingi njia panda yake ni safi. Tatizo linaweza kuwa juu zaidi, sentimita 2 au 3 kupita hapo: utando wa ndani wa mshipa umechanika, damu imepenya ndani ya ukuta, ukuta umevimba na kubana njia. Damu ikiganda hapo, kipande kikimeguka hupanda kwenye ubongo.

Kuchanika huku huchangia takriban 2% tu ya viharusi vya kuziba mishipa, ila kwa walio chini ya miaka 50 kunaweza kufika hadi robo. Hesabu hizo ni za Ulaya na Marekani. Hapa Uganda selimundu, VVU na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi navyo huwapiga vijana kiharusi, na ndiyo maana ni rahisi kuridhika na jibu la kwanza lililo karibu.

Ninachotaka mjifunze mapema ni kutazama umbo la mshipa. Tangu 1965, watafiti Weibel na Fields walizigawa karotidi zisizonyooka katika aina tatu: zilizopindapinda, zilizojizungusha duara, na zilizokunjika kwa pembe kali. Mwaka 1994 Barbour na wenzake walionyesha kwamba karotidi ya ndani, tawi linaloenda kwenye ubongo, iliyo ndefu kupita kiasi na kujikunja huonekana zaidi kwa watu ambao mshipa umechanika. Utafiti uliofuata ulielekea huko huko, kwa karotidi na kwa ateri za vetebra pia, zile mbili zinazopanda kwenye ubongo kupitia pingili za shingo.

Kwa nini iwe hivyo? Juu kabisa, karotidi ya ndani inaingia kwenye mfereji wa mfupa wa fuvu na kushikiliwa hapo. Chini ya hapo iko huru, inasogea kila unapogeuza kichwa, na shingo ikirudi nyuma huku imegeuka, mshipa hunyooshwa juu ya pingili za juu za shingo. Penye kona kali mvuto huo hauenei sawasawa, na mwendo wa damu nao hubadilika. Ateri ya vetebra ina taabu yake: inazunguka pingili ya kwanza kabla ya kuingia kwenye fuvu, na hapo ndipo kichwa hugeukia zaidi. Wengine wana mfupa mwembamba chini ya sikio ambao kwa kawaida ni sentimita 2.5 hivi, ukizidi 3 unaweza kuisugua karotidi.

Hata hivyo, mimi nauona umbo la mshipa kwanza kama shahidi wa hali ya ukuta. Ukuta wenye nyuzi dhaifu hurefuka, na mshipa uliorefuka ndani ya shingo isiyorefuka hauna pa kwenda ila kujipinda. Kwa bibi wa miaka 75 mwenye presha, umri na presha vinatosha kueleza mipindo hiyo, na wala usimtishe. Kwa kijana wa miaka 30 mipindo ile ile, hasa ikiwa pande zote mbili, inadai maswali. Je, ni mrefu mwenye vidole virefu kupita kiasi? Viungo vyake vinalegea? Kuna ndugu aliyefariki ghafla kwa kupasuka mshipa mkubwa? Mwombe afungue kinywa, utazame kimio kama hakikukatwa utotoni, maana wapo waliokatwa. Kimio kilichogawanyika ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa kurithi wa Loeys-Dietz, na wenye ugonjwa huo mishipa yao hupinda kweli kweli.

Sasa kazi ya mkono. Fuata mshipa tangu chini kabisa, upite njia panda, upande mpaka picha ikukatae. Probu, kile kifaa unachokiweka kwenye ngozi, ya kawaida ya shingo ikishindwa, chukua ile ya mviringo, inaona ndani zaidi. Kwenye kona, kasi ya damu hupanda hata bila kuziba kokote, na pembe ya kipimo, kati ya wimbi la altrasaundi na mwelekeo wa damu, huharibika. Usiandike "umebana" kwa sababu ya namba peke yake. Tafuta sehemu iliyonyooka, pembe isizidi nyuzi 60, na uone kwa macho kama njia kweli imepungua. Mshipa unaochongoka taratibu, ukuta mnene wenye rangi nyeusi upande mmoja, au damu inayogonga kwa nguvu bila kusonga mbele: hizo ndizo dalili za kuchanika. Ule utando unaopepea mnaouona kwenye picha za mafunzo ni nadra kuuona.

Ateri moja ya vetebra kuwa nyembamba kuliko nyingine ni jambo la kawaida, na mara nyingi ya kushoto ndiyo kubwa. Kwenye CT, picha za eksirei za vipande vipande, tazama tundu la mfupa inamopita. Tundu likiwa dogo, yaelekea alizaliwa hivyo. Likiwa kubwa na mshipa mwembamba, shaka inaongezeka.

Kabla hamjashika probu, zungumza na mgonjwa. Maumivu mapya ya shingo au kichwa upande mmoja, kope lililolegea na mboni iliyosinyaa upande huo huo, mlio sikioni unaofuata mapigo ya moyo: haya hutangulia kiharusi kwa saa au siku kadhaa. Uliza kuhusu ajali ya boda boda, lakini uliza pia mambo madogo: kutapika sana, kikohozi kikali au maambukizi ya karibuni, na kinyozi aliyemalizia kazi kwa kumpindua shingo hadi ialike. Watu hawalitaji hili la kinyozi mpaka uulize, kwa sababu walilipia raha.

Altrasaundi safi haiondoi ugonjwa huu, kwani sehemu ya karibu na fuvu huioni. Dalili zikikushawishi, mpigie simu daktari aliyemtuma, aombe CT ya mishipa kwenye hospitali ya rufaa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ambayo huonyesha damu ndani ya ukuta kama mwezi mwandamo, kwa wengi ni safari ya Kampala. Kati ya aspirini na jamii yake, au dawa za kundi jingine za kuzuia damu kuganda, ataamua daktari. Jaribio la CADISS la 2015, lenye wagonjwa 250, halikuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Mishipa mingi hupona, na kipimo hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6. Mpindo lakini unabaki. Kwa hiyo andika kwenye ripoti: upande gani, aina gani ya mpindo, umbali gani kutoka njia panda, juu uliishia wapi kuona. Kisha nakili mistari hiyo kwenye daftari la mgonjwa mwenyewe, kwa sababu anayempima safari ijayo huenda yuko wilaya nyingine na faili lako hatalipata.