Mlango wa kutokea

Mwanangu Neema,

Hujambo, na mjukuu wangu hajambo? Unauliza vyama vingi vilipokuja sisi wanawake tulipata nini kazini, maana wenzako wa ofisini wanasema mageuzi ndiyo yaliyotufungulia milango. Mimi nilifunguliwa wa kutokea.

Nilikuwa karani wa masijala katika kiwanda cha umma, Morogoro. Kaka yako alipozaliwa 1988 nilipata siku zangu 84 za uzazi na mshahara juu, na sikumshukuru mtu. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, na miaka ileile mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Novemba 1994 orodha ya kupunguzwa ikabandikwa ubaoni. Niliisoma nikiwa na mimba yako ya miezi sita: wapiga chapa, makarani, wapishi wa kantini. Mafundi mitambo, baba yako akiwamo, wakabaki miaka miwili zaidi. Hakuna aliyeandika "wanawake watoke". Walikata kazi za chini, na huko chini ndiko tulikokuwa tumejazwa.

Kiinua mgongo kikanunua karai, jiko na gunia la mchele. Ulizaliwa Februari, na siku ya kumi na tano baada ya kujifungua nilikuwa stendi nachoma vitumbua, wewe umelala kwenye boksi chini ya meza. Siku 84 ni za mwenye mwajiri. Mgambo wakija nilikubeba wewe, karai likaenda nao. Mara mbili hivyo. Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia watu "mama Neema yuko nyumbani tu", huku ada ya kaka yako inatoka kwenye vitumbua.

Oktoba 1995 tukapiga kura. Viti maalumu vya wanawake bungeni vikawa asilimia 15, leo havipungui 30. Mwaka huohuo Mama Gertrude Mongella, Mtanzania mwenzetu, akauongoza mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, nasi stendi tukamsikiliza redioni tukipiga vigelegele. Sikatai hayo. Hata sheria ya ajira ya 2004 ni nzuri, imeongeza muda wa kunyonyesha, mpaka saa mbili kila siku. Ila ilitukuta wengi wetu mezani, na meza haina mkataba.

Sasa hilo ulilonieleza, la kukatisha likizo ya uzazi na kurudi kazini wiki ya sita kwa sababu bosi ananuna. Mwache anune. Maliza siku zako zote.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Usinipikie vitumbua.

Mama yako