Maumivu yaliniacha mapema, kigumu kikabaki wiki saba

Ndugu yangu wa Chake, nimekusoma vizuri. Una miaka 27, mshipa unaoshuka kutoka kinenani mpaka pumbu ya kushoto umevimba, hospitali wamekudunga sindano moja na kukupa doksisaiklini ya siku 10. Leo ni ya tano, maumivu yamepungua lakini ukipapasa unakuta kitu kama kamba. Unauliza kama dawa imekataa, kama lazima umwambie mkeo, na kama unaweza kurudi kwenye baiskeli. Mimi ni mtu wa Wete, hapa hapa Pemba, maradhi hayo yalinipata msimu wa karafuu nikiwa na miaka 43.

Kwangu yalianza kwa mkojo kuchoma. Wiki nzima naamka usiku mara nne, mara tano, najiambia ni jua la shamba na maji kidogo. Siku moja kinena kikaanza kuvuta, na kulipokucha suruali haivaliki, nikajifunga kikoi. Sasa kwetu kila kinachouma pale kinaitwa mshipa, na mshipa dawa yake kuchuliwa. Ami yangu akaniletea mzee mmoja na chupa ya mafuta ya makonyo. Alipobonyeza mara ya kwanza nilitoa ukelele ambao watoto wa jirani wananiiga mpaka leo. Nakuomba usikubali kuchuliwa. Mle ndani mna mrija wa mbegu, mishipa ya damu na ya fahamu, vyote vimefungwa pamoja kama mtumba. Vikishavimba kwa bakteria, kukanda ni kuongeza moto. Nikatoka hapo nikaenda duka la dawa, nikauziwa vidonge vya rangi mbili vya siku tatu bila kuulizwa hata mkojo ukoje. Siku mbili nyengine zikapotea.

Daktari niliyemfikia hatimaye hakuanza kwa kunigusa, alianza kwa maswali. Maumivu yalikuja ghafla? Umetapika? Pumbu moja imepanda juu kuliko kawaida? Nikasema hapana, yalikuja pole pole. Akanambia ningesema ndiyo angenipeleka mbio kwa wapasuaji, kwa sababu pumbu ikijisokota damu hukatika, na baada ya saa 6 hivi matumaini ya kuiokoa yanapungua sana. Hili nalisema kwa wengine wanaosoma, hasa wenye vijana wa skuli: maumivu ya ghafla ya pumbu hayasubiri asubuhi.

Mimi nilipigwa picha ya ultrasaundi, nikapimwa mkojo, wakakuta bakteria wa njia ya mkojo. Nikapewa levofloksasini miligramu 500, kidonge kimoja kwa siku, siku 10. Akaniuliza pia kama nimewahi kunywa vidonge vya matende, vile vilivyoanza kugawiwa nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba mwaka 2001, na akanitaka nirudi usiku kutolewa damu. Wadudu wa matende na mabusha nao hukaa kwenye mishipa ya maji ya sehemu hiyo hiyo na huweza kuivimbisha, na vitoto vyao huingia kwenye damu usiku, wakati mbu wa makaroni na vyooni anapouma. Wazee wa Makunduchi, kusini ya Unguja, wanakumbuka zile punje nyeupe za plastiki zilizomwagwa vyooni mwishoni mwa miaka ya 1980 ili mbu asipate pa kuzalia. Damu yangu ilipopimwa, wadudu hao hawakuonekana.

Kuhusu kigumu chako. Maumivu yangu yalipungua siku ya tatu ya dawa, homa ikaondoka, nikajiona mzima. Siku ya nane nikapanda mkarafuu. Wanaojua kazi hii wanajua unavyolikumbatia shina kwa mapaja. Sikufika tawi la pili. Nilishuka natetemeka, nikalala chini juu ya jamvi la karafuu mbichi, na kulipoingia magharibi uvimbe umerudi nusu yake. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu pishi moja nalipwa ngapi.

Dawa nilimaliza, na kigumu kikaendelea kupungua kidogo kidogo, wiki ya kwanza kama kidole gumba, wiki ya nne kama kalamu, wiki ya saba nikakitafuta sikukikuta. Kwa hiyo cha siku ya tano kisikutie wasiwasi maadamu maumivu yanashuka. Ingekuwa siku tatu za dawa zimepita na hali ni ile ile, au homa inarudi, au ngozi inakuwa nyekundu inayong'aa, hapo ungerudi hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda kuna usaha. Wewe hujafika huko.

Kilichonisaidia zaidi ya vidonge ni kuinua. Mchana chupi ya kubana, usiku taulo lililokunjwa chini ya pumbu. Barafu nilichukua kwa wauza samaki bandarini, naifunga kwenye kitambaa, dakika 10 naiondoa. Sala niliswali kwa kukaa kwenye kiti wiki mbili, maana sujudi ilikuwa inanitoa machozi. Doksisaiklini yako inywe na gilasi nzima ya maji na usilale papo hapo, huunguza koo. Usiiteremshe kwa maziwa.

La mkeo. Kwa mtu wa umri wangu bakteria wa mkojo ni jambo la kawaida. Chini ya miaka 35 mara nyingi ni klamidia au kisonono, na matibabu uliyopewa ndiyo hasa ya hayo. Naye atibiwe, na msikutane mpaka nyote mmemaliza dawa na wewe huna dalili. Asipotibiwa utakunywa dawa hizi tena. Najua ni mazungumzo mazito. Klamidia inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili yoyote, kwa hiyo hapana anayeweza kusema nani alianza, na usimwingie kwa kumtuhumu. Nendeni pamoja kwa daktari, aseme yeye.

Baiskeli iache mpaka ukiminya ile kamba usikie shinikizo tu, si maumivu. Mimi msimu ule nilichuma ya matawi ya chini, nimesimama ardhini, na mke wangu akapanda ngazi.