Bei "ikiporomoka": pima kabla ya kuandika

Ukiandika taarifa za bei kwa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, au habari za soko la Mbuyuni hapa Moshi, neno "kuporomoka" huja mkononi haraka mno. Lichunge. Linabeba mambo mawili kwa pamoja: kushuka kwingi na kushuka ghafla, kama udongo unavyoachia mlimani. Likikosekana moja, andika "kushuka".

Tuseme kilo ya kahawa mnadani imetoka shilingi 8,000 hadi 7,800. Hiyo imeshuka tu. Ukisema imeporomoka, mkulima wa Kibosho anaweza kumwachia mlanguzi gunia lake jioni hiyohiyo kwa hofu, na hasara inakuwa yake. Mwaka 1989 mambo yalikuwa mengine. Mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika mwezi Julai, nchi wazalishaji zilimwaga akiba zao sokoni, na bei ya dunia ikaporomoka kweli.

Bei inayopungua kidogo kidogo msimu hadi msimu inadidimia. Biashara isiyo na wateja imedorora. Hali ya mgonjwa huzorota.

Panapoharibika zaidi ni kwenye "kwa" na "hadi". Tenga la nyanya likitoka 40,000 asubuhi hadi 16,000 mchana kwa sababu malori yameingia mengi, bei imeporomoka kwa 24,000, hadi 16,000. Ukibadilisha nafasi za maneno hayo mawili umetangaza bei nyingine kabisa. Asilimia nayo hukokotolewa kwa bei ya mwanzo: 24,000 kwa 40,000 ni asilimia 60. Anayegawanya kwa bei mpya anapata 150, na hakuna bei inayoshuka kwa asilimia 150. Taja pia muda, la sivyo msomaji hajui kama ni ya siku moja au ya mwezi.

Kisarufi, "poromoka" haichukui yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Huwezi kuandika "walanguzi wameporomoka bei". Ni "wameporomosha bei", na hapo uwe na uhakika kwamba ni wao, maana umetaja mhusika. Kama chanzo hakijulikani, baki na "bei imeporomoka".

Angalizo moja la mtaani: "ameporomosha ghorofa Njiro" maana yake amejenga, hakubomoa. Kwenye taarifa andika "amejenga".