Uliza Fundi: Mini PC inapitiliza, haitaki kuniingiza BIOS

SWALI: Fundi shikamoo. Nina steshenari Morogoro, nilinunua mini PC (kompyuta ndogo kama kiboksi) ya mtumba yenye Windows 11, nimeifunga nyuma ya TV ukutani na TV ndo skrini yangu. Shida umeme ukikatika ukirudi haijiwashi yenyewe, mpaka nipande stuli nitafute batani huku wateja wamejaa wanataka fotokopi. Kijana mmoja akaniambia hiyo inasetiwa ndani ya BIOS, yaani menyu ya seting za mashine yenyewe kabla Windows haijapanda, nibonyeze F2 wakati inawaka. Nimebonyeza F2, Delete, F12, Esc, zote, inapitiliza tu hadi Windows. Kibodi yangu ni ya Bluetooth na Windows inatype vizuri kabisa. Sasa kuna fundi anataka elfu 50 aifungue. Nimpe?

JIBU: Marahaba dada. Usimpe kwanza, mashine yako inaonekana nzima, ila batani unazobonyeza hazifiki.

Anza na hiyo kibodi. Bluetooth imeunganishwa na Windows, sasa kabla Windows haijapanda mashine kwa kawaida haiijui kabisa hiyo kibodi, hata ubonyeze mpaka kesho. Azima kibodi ya waya kwa jirani, ichomeke moja kwa moja kwenye mashine yenyewe, usipitishe kwenye hab ya USB (kile kigawanyio cha matundu). Pili ni hiyo TV, TV nyingi zinachukua sekunde kadhaa mpaka zilete picha, yaani logo inatokea na kupotea wewe bado unaangalia giza, kwa hiyo usisubiri uione, anza kudonoa batani mfululizo tangu unapowasha.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ukibonyeza Shut down mashine haizimi kikamilifu, inahifadhi sehemu ya Windows kwenye diski ili kesho iwake haraka, hiyo wanaita Fast Startup. Restart ndo inaanza upya kabisa. Kwa hiyo ukitaka kujaribu batani fanya kwa Restart. Na batani yenyewe inategemea kampuni, hujaniambia yako ni ipi: Dell na Intel NUC ni F2, HP ni F10, ThinkCentre za Lenovo ni F1, Beelink ni Delete.

Lakini mimi nakushauri uachane na mbio za batani, pitia ndani ya Windows. Ingia Settings, System, Recovery, hapo kwenye Advanced startup bonyeza Restart now. Italeta skrini ya bluu, chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha UEFI Firmware Settings, kisha Restart, itakupeleka moja kwa moja BIOS. Kibodi ya waya bado utaihitaji ukiwa humo ndani. UEFI ni BIOS ya kisasa, kama haipo kwenye orodha, mara nyingi manake Windows ilipigwa kwa mfumo wa zamani wa Legacy, basi hapo rudi kwenye batani.

NGOJA KIDOGO, kabla hujaingia soma hapa. Nenda Settings, Privacy & security, uangalie kama Device encryption, yaani kufuli la siri la diski, iko On. Ikiwa On, ukigusa vitu kama Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) huko BIOS mashine inaweza kukudai namba ya BitLocker, ya kufungulia hilo kufuli, yenye tarakimu 48, na kwa kawaida namba hiyo inakaa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiseti. Mashine ya mtumba mara nyingine imesetiwa kwa imeili ya muuzaji! Angalia kwenye Accounts ni imeili ya nani, kama si yako mfuate akupe hiyo namba mapema, na kazi zako za muhimu zikopi kwenye flashi. Hili naliomba sana dada yangu, kazi za wateja zikipotea ni hasara kubwa kuliko hiyo elfu 50.

Ukishaingia tafuta sehemu ya Power. Dell wanaiita AC Recovery, HP na Lenovo After Power Loss, NUC After Power Failure. Wengi watakwambia weka Power On. Kwa duka mimi ningeweka Last State, sababu ukiweka Power On umeme ukicheza saa nane usiku mashine itawaka yenyewe duka limefungwa, ila Last State inarudi ilivyokuwa, ilikuwa imewaka inawaka, ulikuwa umeizima inabaki imezima. Save, toka, kisha jaribu: mashine ikiwa imewaka, haina kazi yoyote iliyofunguliwa, zima swichi ya ukutani, subiri nusu dakika, washa.

Ikiwaka umemaliza. Ikisahau seting na saa imerudi nyuma miaka, basi ni betri ndogo ya ndani imekufa, CR2032 ya volti 3, na kwenye mini PC nyingi imevalishwa plastiki ina vinyaya viwili, hiyo ndo kazi ya kumpa fundi na haifiki elfu 50. Na ukipata uwezo nunua UPS ndogo, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, diski haipendi kuzimwa ghafla kila siku.

SWALI: Fundi mimi wa Mwanza, BIOS naingia ila inaomba password, nimetoa betri siku nzima bado inaomba.

JIBU: Kaka, mashine nyingi zilizotoka maofisini password yake haikai kwenye ile memori inayolishwa na betri, ndo maana kutoa betri hakujasaidia. Usinunue programu za kufungua unazoona mtandaoni. Chukua risiti, mrudishie aliyekuuzia aifungue yeye au akubadilishie, na ukienda kununua nyingine omba muingie BIOS hapohapo dukani kabla hujatoa hela.