Spinabeti kwenye maji ya Kigoma: fuata rangi ya maji

Spinabeti ilibuniwa Marekani kwa ajili ya samaki wao aitwaye besi. Ni chambo bandia cha waya uliokunjwa kama herufi V: mkono wa chini una kichwa cha risasi na ndoana iliyovishwa nyuzi za mpira, mkono wa juu una kibati kinachozunguka unapovuta. Ziwa Tanganyika halina besi. Lina samaki aitwaye kuhe, na kuhe akikiona kibati hicho kinapita juu ya jiwe lake, pigo lake utalisikia hadi kwenye kiwiko.

Nilipoanza nilifuata maelekezo ya Wamarekani neno kwa neno, na misimu yao minne. Nilipoteza muda mwingi. Kwao kuna maziwa yanayoganda. Hapa maji ya juu hucheza kati ya nyuzijoto 24 na 28 hivi mwaka mzima. Kinachobadilika Kigoma ni upepo na rangi ya maji, na hivyo viwili ndivyo vinavyoniambia nifunge kibati gani.

Mvua zikikolea, Luiche na Malagarasi hushusha tope, na maji ya karibu na midomo ya mito huwa kama chai ya maziwa. Samaki haoni mbali, lakini anahisi. Hapo nafunga kibati kikubwa cha mviringo, maana kinapiga maji kwa nguvu na mtikisiko wake unafika hata macho yasikofika. Navuta polepole, nikisikiliza mapigo kwenye fimbo: du, du, du. Yakikatika ghafla, ama umenasa jani, ama samaki amekibeba na anakuja upande wako. Kunja mshipi haraka, usisubiri kuvutwa. Na usirushe katikati ya tope; tafuta pale maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu, upitishe kibati kwenye mpaka huo. Vua ukiwa ndani ya mtumbwi wenye mtu wa kuangalia nyuma yako, kwa sababu midomo ya mito ina mamba na viboko.

Kiangazi ni habari nyingine. Maji yanakuwa safi kiasi kwamba unahesabu mawe chini ya mtumbwi. Asubuhi moja upande wa Bangwe nilikuwa bado na kibati changu cha mviringo. Kuhe mkubwa alitoka nyuma ya mwamba, akakifuata karibu mita tatu, akasimama, akageuka. Nikarusha tena, hakutoka hata hatua. Nikabadilisha, nikafunga kibati chembamba kama jani la mti, kinachometa kama dagaa anayegeuka, nikavuta kwa kasi mara mbili ya mwanzo. Alikipiga kabla hakijafika kwenye mwamba. Maji safi yanampa samaki nafasi ya kuchunguza, usimpe muda.

Kiangazi hicho hicho kuna upepo wa kusini. Toka alfajiri, uwe umerudi kabla mawimbi hayajainuka. Kumbuka pia kwamba mwaka 2024 serikali ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo kabla ya kutoka miezi hiyo pita ofisi ya uvuvi uulize, na leseni uwe nayo.

Kuna jambo moja linaniuma hadi leo. Niliwaona kuhe wawili wamekaa juu ya mchanga kati ya mawe, hawasogei. Nikarusha, nikampata mmoja mara ya kwanza. Nilipochungulia chini nikaona kitu kama moshi mweusi kando ya yule aliyebaki: vifaranga, mamia kwa mamia. Samaki wadogo wa kwenye mawe walikuwa wameshaanza kuvivamia, na mzazi mmoja hakuweza kuzuia pande zote. Jioni nikamsimulia mzee mmoja pale Kibirizi. Akaniambia, "Mwanangu, kuhe hulea wote wawili. Ukiwaona wametulia pamoja, ujue wana watoto."

Tangu siku hiyo nimebana vijino vya ndoana zangu zote kwa koleo, ili nikimpata asiyestahili nimwachie bila kumchana mdomo. Na nikikuta wawili wametulia juu ya mchanga, nakunja mshipi, nageuza mtumbwi.